Nice 19 haikunyamazisha feni: uzoefu wangu na ondemand na schedutil

Karibu kila usiku huwa nabana video kwenye kompyuta yangu ya zamani inayotumia Linux. Kazi hiyo naiendesha kwa nice 19; nice ni namba ya kipaumbele cha kazi kwenye Linux, na 19 ndiyo ngazi ya chini kabisa (ya juu ni -20). Kwa muda mrefu niliamini kuwa kipaumbele kikiwa chini, na kasi ya prosesa itashuka. Wapi! Feni ilivuma mpaka asubuhi, prosesa ikiwa imeganda kwenye gigahezi 2.4, upeo wake.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba nice hugawa muda tu. Kazi mbili zikigombea prosesa, ndipo inapoamua ipi ipate zaidi. Isipokuwepo ya kugombea nayo, kazi ya nice 19 inajichukulia muda wote. Ondemand, kidhibiti kasi nilichokuwa nacho, kinapima muda ambao prosesa iko kazini, kikiona haipumziki kinapandisha kasi. Hakiulizi kazi yenyewe ina haraka gani.

Dawa ilikuwa humo humo: faili la ignore_nice_load, ndani ya /sys/devices/system/cpu/cpufreq/ondemand. Kwa kawaida lina 0. Nikaandika 1, na kazi zenye nice zaidi ya sifuri zikaacha kuhesabiwa kama mzigo. Kasi ikashuka hadi gigahezi 0.8 na chumba kikatulia. Nilifurahi kweli! Video iliyokuwa ikichukua saa mbili sasa inakaribia sita, lakini mimi nimelala, sina haraka. Umeme ni hesabu nyingine, kwa sababu kompyuta inakaa macho muda mrefu zaidi; mimi nilitafuta utulivu na joto dogo. Kinachonikera ni kwamba nice 1 na nice 19 zinahesabiwa sawa, kwa hiyo programu yoyote iliyopunguzwa kipaumbele hata kidogo nayo inakokota miguu.

Kwenye kompyuta mpya nikakuta schedutil, kidhibiti kasi kingine, iliyoingia katika kerneli (moyo wa Linux) ya 4.7 mwaka 2016. Hii inachukua takwimu moja kwa moja kutoka kwa mpangaji kazi, sehemu ya kerneli inayoamua kazi ipi iendeshwe lini, nikadhani basi itaijua nice. Haiijui, wala haina ignore_nice_load. Kazi za muda halisi, yaani zisizotakiwa kusubiri, ndizo zinazoisukuma hadi kasi ya juu.

Kilichoniokoa ni uclamp, njia ya kuwekea mipaka mahitaji ya kazi yanayohesabiwa, iliyokuja na kerneli ya 5.3 mwaka 2019. Naanzisha kazi kwa uclampset -M 512, yaani ihesabiwe kama inayohitaji nusu ya uwezo, ambao kipimo chake kizima ni 1024. Naipenda kuliko njia ya kwanza, maana kiwango nachagua mwenyewe kwa kila kazi. Kivinjari kikiamka kwenye kiini hicho hicho cha prosesa, kizuizi kinaachia na kasi inapanda, kisha inarudi.

Kabla hujajaribu, soma faili la scaling_driver na la scaling_governor, yanayotaja kiendeshi na kidhibiti kasi kinachotumika. Ukikuta intel_pstate, kiendeshi cha prosesa za Intel, katika hali yake ya kujiendesha, schedutil haimo, na uclamp haitagusa kasi.