Kioo cha darubini, wembe na kompresa ya fundi pancha

Kioo hiki nimekitumia miezi minne, hapa Maweni, Malindi. Ni kioo cha darubini kilichobonyea, upana milimita 114, fokasi milimita 900. Kilifika na mkwaruzo ukingoni, na muuzaji hajanijibu mpaka leo.

Shida yangu ilikuwa kuwaonyesha wanafunzi mawimbi ya mshtuko, yaani pale hewa inapobanwa ghafla, ya hewa inayoipita sauti kwa kasi. Handaki la upepo sina, nikaazima kompresa ya fundi pancha. Kanieneo ya ndani ikizidi ya nje karibu mara mbili, hewa hufikia kasi ya sauti mdomoni mwa tundu inakotokea. Ukiongeza zaidi, huipita ikishatoka.

Nilianza na shilireni, mbinu ya August Toepler ya mwaka 1864, inayoonyesha hewa kwa jinsi inavyoupinda mwanga. Taa ya LED nyuma ya tundu la sindano, mita 1.8 kutoka kwenye kioo. Mwanga ukirudi hukutana na wembe unaoukata karibu nusu, kisha kamera ya simu. Kuusogeza ule wembe ndiyo kazi! Saa mbili nzima, milango imefungwa, feni imezimwa, jasho linatiririka. Ghafla joto la kiganja changu likapanda juu ya skrini. Fundi akafungua hewa, zikajipanga almasi ndogo ndogo mbele ya tundu la kompresa, kama zile za kwenye moto wa roketi.

"Mwalimu, moshi huu watoka wapi?"

"Si moshi, ni hewa yako hiyo."

Hakuamini, akapitisha mkono.

Mbinu ya pili, ya kivuli, haitaki kioo wala wembe: taa ya nukta na ukuta mweupe tu. Watu huidharau. Joto la kiganja halikuonekana kabisa, lakini kingo za mshtuko zilitoka kama mistari ya kalamu, kwa sababu yenyewe hunasa pale msongamano wa hewa unapobadilika kwa ghafla.

Ya tatu, ya kupiga picha karatasi ya vidoto iliyo nyuma ya mkondo wa hewa, kabla na baada ya kuufungua, kisha kuzilinganisha picha kwa programu, ilinivunja moyo. NASA, shirika la anga la Marekani, waliitumia hewani wakaonyesha picha za mawimbi ya mshtuko ya ndege mbili za T-38 mwaka 2019. Yangu ilitoa vumbi tupu, mkondo wa milimita mbili ni mwembamba mno. Intaferometa, inayopima msongamano wenyewe, sikuthubutu: tuktuk ikipita nje, meza yangu hutikisika.

Chumvi ya hewa ya bahari hukitia kioo ukungu, kwa hiyo sasa kinalala ndani ya mkebe wenye mchele mkavu. Nyota nne. Ya tano imeliwa na mkwaruzo.