Kabla hujanunua DSLR kuukuu ya fremu kamili, mulika tundu la kadi

Kabla ya kununua bodi yangu ya mwisho ya mtumba, yaani kamera ya DSLR (ya kidijitali yenye kioo ndani) bila lenzi, niliichunguza wiki tatu nzima. Muuzaji alinitumia picha kumi na mbili: mbele, nyuma, juu, chini, kioo, kihisi, hata kona ya mpira ulioanza kuchubuka. Hesabu ya shata, yaani mara ambazo pazia la kamera limefunguka kupiga picha, ilikuwa ndogo. Modeli yenyewe siitaji, maana kosa halikuwa la aliyeitengeneza. Ilipofika nilitia kadi, nikapiga picha kama mia mbili, zote zikatoka safi. Siku ya pili, katikati ya harusi ya binti wa shangazi yangu, skrini ikaandika kwamba kadi haisomeki. Nikatia kadi nyingine, ikagoma. Nikarudisha ile ya kwanza, ikasoma kidogo, kisha ikagoma nayo. Picha za bibi harusi akiingia ukumbini hazijapatikana hadi leo.

Fundi alifungua mlango wa kadi, akamulika kwa tochi, akaniita nitazame. Kati ya zile pini zilizosimama humo ndani, moja ilikuwa imelala ubavu kama mche uliokanyagwa. Akaniambia haikupinda jana wala juzi: kulikuwa na mikwaruzo ya koleo, kwa hiyo kuna mtu aliwahi kuinyoosha, akaiuza. Nikarudia picha zangu kumi na mbili. Hakuna hata moja iliyoonyesha ndani ya tundu la kadi. Nilipomwuliza muuzaji, alijibu kwamba sikuomba.

Ndiyo sababu mwongozo huu hauanzi na megapikseli. Habari za megapikseli, kasi na ISO utazipata popote. Jambo ambalo karibu hakuna anayeliandika ni pini.

Kamera nyingi za fremu kamili (zenye kihisi cha milimita 36 kwa 24) za miaka ya 2002 hadi 2012 hutumia kadi za CompactFlash, aina iliyotoka mwaka 1994. Kadi hiyo ina matundu 50 ukingoni, na ndani ya kamera zimesimama pini 50, safu mbili za 25. Kila pini lazima iingie kwenye tundu lake. Kadi ya SD haina shida hiyo, kwa sababu migusano yake ni bapa na huteleza tu juu ya vibati vya ndani. CompactFlash ikisukumwa upande, au ikiwa na uchafu kwenye tundu moja tu, pini ndiyo inayolipa. Tena ubovu huu huambukiza. Kisomeo cha kadi cha bei ya chini, ambacho reli zake ni fupi, hulegeza na kutanua matundu ya kadi. Kadi hiyo ikirudi kwenye kamera nzima, huko nako hupinda pini. Tundu lenyewe limelehemewa kwenye ubao wa saketi, kwa hiyo kulibadilisha ni kuifumua kamera. Pini iliyonyooshwa huwa imekwisha kudhoofika, na mara nyingi hulala tena au hukatika.

Kwa hiyo omba picha ya ndani ya tundu la kadi, iliyomulikwa, ncha za pini zionekane zote. Mkikutana ana kwa ana, tumia tochi ya simu na utazame ukiwa umeshika kamera wima, kisha uilaze. Ncha zinatakiwa zilingane kama meno ya kitana kipya. Nenda na kadi yako mwenyewe ambayo unajua ni nzima. Itie taratibu: inapaswa kuzama bila kusukumwa kwa nguvu. Halafu piga picha hadi kadi ijae, zifungue zote kwenye kompyuta. Picha tano za majaribio hazitoshi, mimi nilipiga mia mbili na bado nikaumia. Ukishanunua, acha kadi ikae humo humo na uhamishe picha kwa waya wa USB. Ni polepole, lakini pini hazichoki.

Hesabu ya shata siipi nafasi ambayo wauzaji huipa. Shata ni kipuri kinachobadilishwa, na idadi ambayo mtengenezaji hutaja, kama 150,000 kwa Nikon D700, ni makadirio ya uimara wake. Zipo zilizokufa kabla na zilizopita mbali. Kwenye Nikon idadi hiyo huandikwa ndani ya faili la picha, kwa hiyo omba faili moja lililotoka moja kwa moja kwenye kamera ulisome mwenyewe. Kwa Canon nyingi za kizazi hiki inabidi kuunganisha kamera na programu maalumu. Basi, hayo yanatosha kuhusu shata.

Kwa nini tuhangaike na vyombo hivi wakati kamera zisizo na kioo zimejaa? Mimi nina sababu mbili ninazozithamini kuliko nyingine. Ya kwanza ni kitundu cha kuchungulia. Ndani ya DSLR unatazama mwanga wenyewe uliopita kwenye lenzi, ukagonga kioo, ukazungushwa na prizimu hadi kwenye jicho lako. Hakuna skrini katikati, na betri hailiwi ukiwa unasubiri tu. Canon 6D imepimwa picha 1,090 kwa chaji moja, Nikon D750 picha 1,230. Kwenye kihisi cha milimita 36 kwa 24, kioo na prizimu ni vikubwa, na kitundu kinakuwa kipana kiasi cha kuona kama uso wa mtu umeshikwa na fokasi au la. Aliyezoea kamera ndogo akitazama humo mara ya kwanza huwa hataki kuirudisha.

Ya pili ni lenzi kuukuu. Mlango wa lenzi wa Nikon aina ya F umekuwepo tangu 1959, na ule wa Canon EF tangu 1987. Lenzi za Nikon za zamani za fokasi ya kiotomatiki, zile zinazozungushwa na bisibisi iliyo ndani ya kamera, hupata fokasi kwenye D700, D750 na D800. Ukizifunga kwenye Nikon isiyo na kioo kwa adapta ya FTZ, unabaki kuzungusha kwa mkono. Lenzi moja ya milimita 85 iliyorithiwa inaweza kuamua ununue bodi gani.

Sasa nipange. Na niseme wazi: mimi ni mtu wa Nikon, na sitajifanya hakimu.

Namba moja ni Nikon D700 ya mwaka 2008. Ndiyo, ina tundu moja tu la CompactFlash, lile lile lililoniumiza, na bado naiweka juu. Kihisi chake cha megapikseli 12.1 ndicho kilichokuwa ndani ya D3, kamera ya waandishi wa habari wa wakati huo, na mfumo wa fokasi ni wa pointi 51. Bodi ni ya magnesiamu. Shata inafika 1/8000 ya sekunde na flashi inalingana nayo hadi 1/250, namba ambazo D750 iliyotoka miaka sita baadaye haikuzifikia. Ina kitufe chake peke yake cha kuamsha fokasi kwa kidole gumba. Inasoma mwanga kwa lenzi za fokasi ya mkono za Nikon aina ya AI zilizoanza 1977, ukishaiambia tu urefu wa lenzi na tundu lake kubwa la mwanga. Ukiifunga kishikio cha MB-D10 chenye betri inayofaa, inatoka picha 5 kwa sekunde hadi 8.

Watu huniuliza kama megapikseli 12 zinatosha. Picha yake ina pikseli 4,256 kwa 2,832. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 36 kwa 24 bila kuikuza. Picha zangu kubwa kuliko hiyo ni chache mno, na zile zilizoning'inizwa ukutani hakuna aliyezisogelea akihesabu pikseli. Pungufu ninaloliona kila siku ni kitundu kuonyesha asilimia 95 tu ya picha. Kitu ambacho hukukiona pembeni kitaingia, na utajifunza kukata. Haina video hata kidogo. Mpira wa kushikia huvimba na kubanduka kwa umri, nao ubandike upya tu, usikuogopeshe. Kwa D700 nzima, yenye pini zilizonyooka, sioni cha kuibadilisha nacho.

Ya pili ni D750 ya 2014. Kwa anayefanya kazi za kulipwa na hataki kusikia habari za pini, hii ndiyo ya kwanza: matundu mawili ya SD, megapikseli 24.3, skrini inayoinuka, na giza inalivumilia kuliko D700. Inabidi uichunguze kwa jambo jingine. Nikon iliita baadhi ya za mwanzo zirudishwe kutengenezwa kwa sababu ya kivuli kilichokata mng'ao wa mwanga mkali juu ya picha, baadaye ikaita nyingine kwa shata. Kwa lile la kivuli, geuza kamera utazame ndani ya tundu la kufungia tripodi: zilizorekebishwa ziliwekewa nukta nyeusi. Kwa shata, uliza karatasi za matengenezo. Mkononi ni nyepesi, na mimi hukosa uzito wa D700, ingawa mgongo wangu baada ya saa nane unasema vingine.

D800 ya 2012 ina megapikseli 36.3, na ina tundu la CompactFlash pamoja na la SD. Hilo la pili ni bima: pini zikifa, kamera inaendelea kuishi. Mafaili yake ni mazito, na kila mtikisiko wa mkono unaonekana. Ni ya mtu wa mandhari na studio, mwenye subira.

Canon 5D Mark III, ya mwaka huo huo, ndiyo Canon ambayo ningeikubali bila kusukumwa. Pointi 61 za fokasi, picha 6 kwa sekunde, na bima ile ile ya matundu mawili, ingawa lile la SD ni la kasi ndogo. Mwenye lenzi za EF asihangaike kuhamia kwetu, achukue hii. Nayo 6D ina SD peke yake, pointi 11 za fokasi ambazo ni ya katikati tu ninayoiamini, lakini hiyo ya katikati huona gizani ajabu. Kwa picha za watu waliotulia inafaa.

Za bei ya chini nazitaja kwa kupita. Canon 5D ya 2005 ina picha nzuri, lakini vioo vyake vilibanduka hadi Canon ikawa inavirekebisha bure. Kama kioo hakijaimarishwa, kitabanduka mikononi mwako. 5D Mark II ina video na megapikseli 21.1, na fokasi ya kizamani. D600 ilichafua vihisi vyake kiasi kwamba mwaka 2014 Nikon ilitangaza kubadilisha shata bure. Chukua D610 badala yake. Sony A900 ni kamera nzuri ambayo lenzi zake zitakusumbua kuzipata. Yatosha.

Nina neno na wauzaji, nalo limenikaa kooni. Kamera hizi hazitengenezwi tena, na vipuri vingi hutoka kwenye bodi zilizokufa. Anayeuza anajua hivyo. Basi kwa nini "kama mpya" imekuwa jina la kila bodi, hata yenye lenzi ya kuazima na mpira wa kubandika? Kwa nini picha ya kihisi ipigwe kwa mbali kiasi cha kuficha mikwaruzo? Msomaji mmoja aliletewa D700 yenye betri ya kughushi iliyovimba, ikakwama ndani ya kamera. Mwingine alipoomba picha ya pini aliambiwa anasumbua, na tangazo likarudi kesho yake kwa bei ya juu zaidi.

Bei zenyewe zinapandishwa na hadithi ya rangi. Siku hizi kila DSLR kuukuu inauzwa kwa "rangi za kipekee ambazo kamera mpya hazina". Mimi nazipenda rangi za D700, nazitetea, lakini ukipiga RAW, yaani faili ghafi lisilochakatwa na kamera, sehemu kubwa ya rangi inatoka kwenye programu na kwenye jicho lako. Kumwuzia kijana anayeanza hadithi hiyo kwa bei ya bodi mbili ni kumwibia. Anayelipa zaidi alipie kamera iliyotunzwa: pini zilizonyooka, kioo kilichoshikwa vizuri, kihisi kisicho na mkwaruzo, risiti ya fundi.

Bodi yangu ile muuzaji alikataa kuirudisha. Fundi aliinunua kwa vipuri: kioo kilienda kwa mtu, shata ikaenda kwa mwingine, skrini pia ikapata mwenyewe. Ubao wenye tundu la kadi ndio uliobaki mezani kwake, na bado upo.