Riwaya nene ya kusoma safarini: Dumas au Tolstoy?

The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas na War and Peace ya Leo Tolstoy, zikiwa kamili, zote mbili hupita kurasa elfu moja. Ila hazisafiri sawa.

The Count of Monte Cristo ilitoka gazetini kwa vipande kati ya 1844 na 1846, na bado inasomeka hivyo: sura inakatika pale unapotaka kujua zaidi. Uitwe kupanda ndege, usinzie, uamke, bado unakumbuka ulipoishia, kwa kuwa kisa ni kimoja: Edmond Dantès, aliyefungwa miaka 14 bila hatia, analipa kisasi. Inapofika Roma inapwaya kidogo, vumilia.

War and Peace ya Tolstoy ina sura 361, nyingi fupi, zinazotosha kati ya kituo na kituo. Tabu ni majina. Natasha ndiye Natalya Ilyinichna, ndiye pia binti Rostova, na wahusika ni mamia. Ukiiweka kando siku kadhaa, unaanza kuuliza huyu ni nani tena. Hiyo iachie meli au treni ya masafa marefu.

Kwa safari ya kuungaunga mabasi, mimi nambeba Dumas, tena kwenye simu. Nakala ya karatasi ni mzigo.