Sola ya kufunga mwenyewe katika nyumba iliyo mbali na gridi: betri zilizopangwa kwa ubora

Familia nyingi zinazoishi mbali na nguzo za umeme huanza kwa kununua paneli, kwa kuwa paneli ndiyo inayoonekana juu ya bati na ndiyo ambayo majirani huiulizia. Mwongozo huu unaanzia kwenye betri, kwa sababu betri ndiyo inayomeza fedha nyingi katika miaka 5 ya kwanza na ndiyo inayokufa mapema ikichaguliwa vibaya. Nyumba ninayoifikiria ina vyumba 3 na sebule, iko mahali kama Kondoa au Kiteto, na mwenyewe ana uwezo wa kupanda ngazi, kukaza skrubu na kusoma mita.

Kabla ya kwenda dukani, orodhesha matumizi. Taa 5 za wati 5 zikiwaka kwa saa 5 kila usiku hutumia wati-saa 125, na taa moja ya nje ya wati hizo hizo inayokesha saa 10 huongeza 50. Televisheni ya inchi 24 inayotumia volti 12 moja kwa moja hula takriban wati 25, hivyo kwa saa 4 ni 100, na king'amuzi cha wati 12 kwa saa hizo hizo ni 48. Simu 4 zihesabie 60, na redio ya wati 5 inayozungumza saa 6 ihesabie 30. Jumla ni wati-saa 413 kwa siku, na kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea kwenye waya, betri na joto la paneli, gawanya kwa 0.75 ili upate takriban 550. Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya hupata mwanga unaolingana na saa 4 hadi 6 za jua kali kwa siku, lakini mwenye busara hupanga kwa siku mbaya za masika, au za Julai yenye ukungu kule Njombe na Limuru, akihesabu saa 3 tu. Hapo 550 gawanya kwa 3 ni wati 183, yaani paneli ya wati 200 inatosha.

Kwa mahitaji hayo, nafasi ya kwanza ninaipa betri ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, ambayo kibandiko chake huandikwa LiFePO4 na volti 12.8. Yenye 100Ah (ampea-saa 100, kipimo cha ujazo wa betri) hubeba wati-saa 1,280, na unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, yaani zaidi ya usiku 2 wa familia yetu bila jua. Huvumilia mizunguko zaidi ya 2,000 ya kujazwa na kutumiwa, kwa hiyo hata ikitumiwa kila usiku inapita miaka 5. Bei yake ya dukani mara nyingi ni mara mbili ya betri ya asidi yenye 100Ah au zaidi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, lakini ukigawanya bei kwa idadi ya usiku itakaokuhudumia, ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Usiichanganye na betri za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta au baiskeli za umeme, ambazo nyingi ni za kemia nyingine na hushika moto kwa urahisi zaidi. Halafu ijaribu ukiwa bado na dhamana: ijaze kabisa, uunganishe mzigo wa wati 50, uhesabu saa. Betri ya kweli ya 100Ah hukaribia saa 25. Ikizimika baada ya saa 12, umeuziwa nusu yake. Uzito pia hutoa fununu, kwani ya ukubwa huo huwa na kilo 10 hadi 13, na yenye kilo 6 haiwezi kuwa na kinachodaiwa.

Nafasi ya pili ni betri ya asidi ya tubula, ile ndefu yenye vifuniko vya kuongezea maji ya betri. Imetengenezwa kwa ajili ya kutolewa chaji kila siku, nayo ukiishusha hadi nusu tu huvumilia mizunguko zaidi ya 1,000. Kasoro yake haitajwi dukani. Mara nyingi huja katika 150Ah au 200Ah, na betri ya asidi ya 200Ah inapenda kuchajiwa kwa takriban ampea 20, wakati paneli yetu ya wati 200 haitoi zaidi ya ampea 11 au 12. Betri isiyojaa kikamilifu siku baada ya siku huota salfeti kwenye sahani zake na kupoteza uwezo, kwa hiyo anayeichagua anunue na paneli za jumla ya wati 350 au 400. Aiweke mahali penye hewa, kwa kuwa hutoa hidrojeni inapochajiwa, na mbali na watoto.

Ya tatu ni betri ya jeli iliyofungwa. Haihitaji maji na ni safi, lakini haipendi joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wa betri ya asidi kwa nusu, na chini ya bati lisilo na dari, Januari, nyuzi 35 ni jambo la kawaida. Chaji kontrola yako, kifaa kinachodhibiti chaji kutoka paneli kwenda betri, iwekwe kwenye hali ya jeli, la sivyo itaichemsha.

Ya mwisho ni betri ya gari, ile iitwayo N70. Niliwahi kuinunua mimi mwenyewe, ikiwa imetumika, kwa fundi wa mtaani aliyeapa kwamba ameifufua, na kabla ya miezi 4 ilikuwa ikizima televisheni taarifa ya habari ikiwa katikati. Kosa halikuwa la betri: sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha zijazwe mara moja.

Paneli ni rahisi kuchagua ukiwa na tepu ya kupimia. Jua kali hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli za kawaida hugeuza karibu asilimia 20 yake kuwa umeme, kwa hiyo paneli ya mita moja ya mraba iliyoandikwa wati 300 inadanganya. Ukiwa kusini mwa ikweta ielekeze kaskazini, ikiinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi.

Chaji kontrola ya PWM, aina rahisi inayoiunganisha paneli na betri moja kwa moja, ya ampea 20 inatosha ikiwa paneli ni ya mfumo wa volti 12. Paneli kubwa yenye volti 30 ikiunganishwa na PWM kwenye betri ya volti 12 hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake, na hapo lazima MPPT ya kweli, aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Zipo nyepesi, za bei ya kutupwa, zilizoandikwa MPPT ilhali ndani ni PWM.

Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa gridi, ningeiacha. Ya kawaida inaweza kula wati 10 ikiwa haijaendesha chochote, na kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, zaidi ya nusu ya matumizi ya familia nzima. Pasi na birika visubiri mkaa na kuni.

Anayehitaji taa 3 na simu tu asijisumbue na haya yote. Anunue seti ndogo iliyopimwa chini ya VeraSol, mpango wa kimataifa wa kupima ubora wa vifaa vya sola.

Waya usipuuzwe. Ampea 10 zikisafiri mita 10 kwenye waya wa milimita za mraba 2.5, kwenda na kurudi, hupoteza volti 1.4 kati ya 12. Kwenye waya wa 6 hupoteza takriban 0.6. Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Siku ya kufunga, unganisha betri na kontrola kwanza, paneli baadaye, na siku ya kufungua, paneli itangulie kutoka.