DVD isiyokopika: ununue nini na ukimbie nini kama unatoa diski zako mwenyewe

Wiki iliyopita kuna mdada kaniandikia, anataka kuziloki DVD zake za mafunzo ya keki, kopi mia moja, kaambiwa alipe laki mbili. Nikasema basi leo naandika, maana mimi hiyo hela nilishailipa na zaidi.

Mi narekodi kwaya na sendoff. Kuna kwaya niliitolea DVD, kopi 200, jamaa mmoja mjini akaniwekea kinga kwa laki nne na nusu, akaapa haikopiki. Jumapili zikaisha zote nje ya kanisa, watu wanagombania. Jumatatu asubuhi simu ya mama mchungaji, nikatoa shikamoo, akaijibu kwa mkato, "Marahaba. Mwanangu, kwaya imegoma." Imegoma vipi mama? "Wanaimba beti mbili halafu wanabaki wameachama." Zikarudi diski 63. Na wimbo huo huo Ijumaa nausikia kwenye daladala, dereva kauchomeka kwa flashi, yaani mwizi alikopi vizuri kabisa, aliyelipa ndo hakuona kitu.

Kwa hiyo leo GB, makava na maboksi siongelei, hayo kila muuzaji atakuimbia. Swali langu moja tu: itacheza kwenye deki ya bei chee ambayo jicho lake limechoka? Maana wanaonunua diski mpaka leo ndo hao, bibi zetu na mama zetu, vijana wote wako kwenye simu.

Programu nyingi za kinga zinafanya hivi: zinaweka sehemu mbovu makusudi kwenye diski pamoja na ramani za uongo. Deki inafuata menyu na njia iliyopangwa kwa hiyo kule haifiki, ila kompyuta inayokopi inasoma kila kitu toka mwanzo inaangukia kwenye shimo. Kwa maneno inapendeza. Shida ni kwamba kuna deki zinasoma mbele kabla ya wakati wake, au mtoto kashika rimoti kapeleka mbele, shimoni hiyo, na deki ikishaanza kukwaruza kutafuta njia mama wa watu anajua imeharibika anazima. Hata Sony mwaka 2007 walilalamikiwa, filamu zao zenye kinga ya ARccOS ziligoma kwenye baadhi ya deki. Kama Sony yamewakuta, huyu wetu wa chini ya ngazi ni nani.

Namba moja yangu wala sio programu. Ni diski tupu za Verbatim, zile zenye uso mweupe wa kuprintia, na sifichi, mi ni mtu wa Verbatim, nimechoma nyingine nyingi na nimetupa nyingi. Choma kwa spidi ya 4x au 8x, usikimbilie 16x kisa foleni. Printi juu ya diski yenyewe, stika ya karatasi achana nayo, joto la deki linaibandua pembeni halafu diski inazunguka inayumba. Kila kopi ipe namba, 001 mpaka 200. Halafu kwenye video weka jina na namba yako ya simu, iwe inapita katikati ya picha kila dakika kadhaa, sio kwenye kona, kona wanaikata. Oda ndogo kama kopi 30 naandika na jina la mnunuzi kabisa, "Kopi ya Mama Neema", na Mama Neema akishaona jina lake linapita pale kwenye tivii hampi mtu diski hovyo, ataanzia wapi? Kukopi haizuii. Ila kopi ya wizi inazunguka na namba yangu, na harusi mbili nimezipata kwa njia hiyo.

Namba mbili, kama una hela na soko la kopi 1,000, diski za kiwandani zenye CSS, lile kufuli la DVD za filamu za kampuni kubwa. Zinacheza kila deki, hapo sina neno, ila ulinzi wenyewe ulishavunjwa na watu toka 1999, akiwemo dogo wa miaka 15 wa Norway, Jon Lech Johansen, mahakama za kwao zikamuachia. Na sikiliza hapa vizuri: CSS haiwekwi kwenye DVD-R ya kawaida ya kuchoma. Ile sehemu ya kukaa funguo imeshazibwa tokea kiwandani. Mtu akikuambia anakuwekea CSS kwenye diski tupu za dukani, beba begi lako uondoke.

Namba tatu ni diski maalumu kama za TrusCont, unazitumia na mashine yao. Kuagiza ni gharama, na usilipie mzigo mzima kabla hujaomba sampuli ukazijaribu kwenye deki tano za mtaani kwako, moja iwe mbovu mbovu.

Programu za bure za kuloki: hapana.

Wengi mnaniuliza stempu ya TRA, watu wa mapato, ile ya kubandika kwenye diski iliyoanza 2013. Ile ni kodi jamani, sio kufuli. Kasajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukikamata mtu uwe na cha kuonyesha. Na yeyote anayekuapia haikopiki muulize zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, akizitoa kwenye deki akazichomeka kwenye kompyuta yenye kadi ya kurekodia, kinga yake itafanya nini. Wengi wanaanza kucheka cheka.

Mi zile 63 nilimrudishia jamaa kwenye boksi. Akasema tatizo deki za waumini, feki zote. Nikamwambia sawa kaka, weka moja kwenye deki yako hapa tuone wote. Akasema yeye deki hana siku hizi, anaangaliaga kwenye flashi.