Ziwa Nkuruba, Fort Portal (Uganda): kimya cha kweli, ila maji yake yana kina

Nilikuwa Kampala kikazi wiki mbili, foleni na honi za boda zikanimaliza, jamaa mmoja kazini akaniambia kama unataka kimya achana na Jinja kila mtu anaenda huko, panda basi la Fort Portal. Masaa kama matano hivi, lami safi, na ukikaribia mji ni mashamba ya chai tu kushoto kulia. Nikalala mjini, asubuhi nikaanza kutafuta usafiri wa ziwani.

Hapa nilipigwa. Bodaboda wa kwanza aliponisikia lafudhi ya Dar akanitajia bei ya mzungu, na mimi kwa ushamba nikalipa. Kumbe ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Rwaihamba, magari ya kuchangia yamejaa kibao. Jioni nilirudi nalo moja kwa hela kidogo sana, mbele tumekaa wanne na dereva humohumo, na jogoo wa mtu miguuni kwangu.

Sasa ziwa lenyewe, usitegemee kitu kama Victoria. Ni dogo, limekaa chini kwenye shimo la volkano ya zamani, kuta zote msitu mpaka kwenye maji, yaani ukishafika chini hata upepo husikii. Rangi kijani kizito. Masaa mawili ya mwanzo sikuona binadamu, ni mbega tu juu ya miti, weusi kwa weupe na wale wekundu, wanaruka tawi hili tawi lile majani yanakudondokea. Chakula beba chako na ukishike vizuri, mi nilikuwa na roleksi mbili (ile chapati ya kuviringishia mayai), tumbili mmoja akaondoka na moja wala hakukimbia, alitembea.

Wenyeji wanaogelea na wanasema halina kichocho. Nikaingia. Aisee, hamna ufukwe wa kuchezea pale, hatua chache tu chini hakuna pa kukanyaga, kama hujui kuogelea kaa kwenye gogo lako na watoto usiwaachie hata dakika.

Baadaye nikapanda juu, nikakutana na mzee anayejua Kiswahili, alikijifunza jeshini anasema, kile cha amri amri. Akaniuliza empaako yangu, jina la heshima ambalo Batooro wanaitana, nikamwambia sina, akanishangaa kama niko uchi. Akanipa palepale: Amooti. Halafu akaniomba nitoe noti ya elfu ishirini, nikajua tayari hapa naibiwa, kumbe anataka kunionyesha picha ya nyuma, ni Ziwa Nyinambuga, liko hapohapo jirani mwendo wa miguu. Nimebeba hizo noti wiki nzima sijawahi kuzigeuza! Nikaenda kuliona, zuri ukiliangalia kutoka juu, lakini kwa kukaa narudi Nkuruba.

Beba sweta na kitu cha mvua, mchana ilipiga nusu saa bila kuaga na njia ya kushukia ikawa utelezi mtupu, raba zangu mpaka leo zina ule udongo.

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja kaichukua bodaboda.