Ford Mustang ya 1965 ya Paa la Kukunja: Kuiuza Mnadani au Nyumbani?

Mnada wa Barrett-Jackson wa Scottsdale, Arizona, hufanyika Januari, na magari mengi huuzwa bila muuzaji kuweka kiwango cha chini cha bei: nyundo ikigonga limekwenda, hata kama roho inauma. Bado kuna ada na usafiri.

Kuuza mwenyewe huchukua muda, na wapo watakaokuja kupiga picha tu. Lakini mnunuzi wa kweli huinama, hufunua zulia kutafuta kutu, hupandisha na kushusha turubai, kisha husoma namba ya chesisi. Tarakimu 08 ni paa la kukunja. Herufi K ikifuata, hiyo ni injini adimu ya nguvu za farasi 271. Yenye K ningeipeleka mnadani. Yenye C, ya kawaida, ningeiuzia uani, risiti za fundi mkononi.